Wafu Wasiopikiwa Uji

Mtoto wa dada yangu anafanya kazi katika shirika moja la magari meupe na maneno mapya. Kila mwaka shirika hilo linatuletea neno. Mwaka huu neno lilikuwa "rezilyansi", yaani kuinuka tena baada ya balaa, na ili sisi watu wa Kindu tulielewe, wakubwa wake waliamua kutuonyesha filamu ya maiti zinazotembea.

Nilidhani ananitania.

"Maiti?" nilimuuliza. "Muntu wa Kindu anafundishwa maiti?"

"Si maiti za kweli, mama mudogo. Ni mufano tu. Dunia imeisha, ugonjwa umemaliza watu, halafu waliokufa wanainuka na kula wazima. Wachache waliobaki wanajifunza kuishi tena. Kisha tutajadiliana. Na filamu yenyewe imetoka kwenye kitabu, kitabu kinasifiwa sana. Kamata, usome mbele ya filamu. Weye njo mwalimu."

Kweli mimi ni mwalimu, au nilikuwa. Nilifundisha Kifaransa mpaka magoti yakakataa. Nikakipokea kitabu, nikakisoma nimekaa barazani, na niseme haki: hakikuwa kibaya chote. Mwandishi wake ni mtu wa nchi za baridi, na inaonekana. Kwake dunia imekwisha siku umeme ulipokatika. Kwenye ukurasa wa kwanza taa zinazimika, kwenye ukurasa wa tatu majirani wanachinjana kwa sababu ya maji ya chupa. Nilicheka peke yangu. Kama kukosa umeme ndiyo mwisho wa dunia, basi sisi hapa tulikwisha kufa zamani, na bado tunaamka alfajiri kwenda sokoni.

Lakini katikati ya kitabu kuna jambo. Kuna daktari wa meno, mwoga, mwenye kitambi, aliyebaki ndani ya nyumba na mama yake mzee. Mama huyo amekwisha kugeuka, amekuwa mmoja wa wale wafu. Mwanawe hamuui. Anamfunga kwenye kiti kwa mikanda ya suruali, kila asubuhi anamfuta uso kwa kitambaa cha maji, anamchana nywele, anamtajia majina ya barabara za mji wao. Mama anamng'akia kama mbwa. Kurasa nyingi zinakwenda hivyo bila kutokea kitu, na hizo nilizisoma polepole. Nikajisemea: mwandishi huyu, pamoja na upuuzi wake wote wa maji ya chupa, kuna siku aliuguza mtu.

Kwa ajili ya kurasa hizo nilikubali kwenda kuangalia filamu. Nikamwalika na mama wa mafuta.

Huyo siwezi kumweleza bila kueleza vita.

Wakati wa vita tulikuwa tunakaa Alunguli, ng'ambo ya mto, nyumba za mwisho mwisho kwenye njia ya Kalima. Wenye bunduki walioushika mji walikuwa ndani, wenye bunduki wengine walikuwa msituni wameuzunguka, na sisi wenye majembe tulikuwa katikati. Shamba uliliona kwa macho na hukuweza kulifikia. Treni ilikuwa imesahau njia. Chumvi ilikuja kwa ndege na kuuzwa kwa kijiko. Sabuni tulipika wenyewe kwa majivu na mawese, nyeusi kama masizi, ikatuchubua mikono. Mimi nilikuwa mwalimu kijana wa darasa lililobaki na watoto wachache, na hao wachache walisinzia juu ya madawati kabla jua halijapanda, kwa sababu tumbo tupu halisikilizi sarufi.

Mama yangu alikuwa mjane, mfupi, mwenye ulimi. Mababu zetu walifika huku na misafara ya watu wa pwani, na sisi wajukuu tulibakiwa na urithi wa vitu viwili, swala na kiburi. Mama alikuwa navyo vyote, vimejaa hadi kumwagika. Wenye bunduki wa mjini aliwaita "hawa watoto", wa msituni aliwaita "wale watoto", na redio ilipotangaza kwamba wakubwa fulani wamekutana mahali fulani kuzungumzia amani, aliizima akisema betri zisife kwa ajili ya uongo.

Asubuhi moja, mama akiwa anakoroga uji wa muhogo, ambao ndio ungekuwa chakula chetu cha siku nzima, tulisikia watoto wakikimbia njiani na kupiga kelele.

"Wafu wanakuja! Wafu wanatoka mu pori!"

Tulitoka. Kwenye kizuizi cha askari, mahali njia inapoacha nyumba na kuingia kwenye miti, watu walikuwa wanatoka msituni mmoja mmoja. Sikujua kama ni watu. Walikuwa na rangi ya majivu kutoka utosini hadi vidoleni. Nywele zao zilikuwa nyekundu, chache, kama manyoya ya kifaranga. Wengine walivaa magunia, wengine majani ya mgomba yaliyofungwa kwa kamba, na mwanamume mmoja alikuwa amevaa kola ya shati, kola tu, shati lenyewe lilikwisha kuoza. Miguu iliwavimba, hawakuinyanyua, waliiburuta. Na hawakutoa sauti. Wale watoto wao waliobebwa mgongoni hawakulia. Baadaye tuliambiwa kwamba huko walikojificha, kila aliyesema aliwaita wenye bunduki, na kila mtoto aliyelia aliwaita pia, basi walijifunza kunyamaza, na kunyamaza kukawaganda. Majivu yalikuwa ya moto wao wa usiku. Walilala juu yake kwa sababu ya baridi na wadudu.

Lakini asubuhi ile hatukujua hayo. Majirani waliingia ndani wakafunga milango. Mfanyabiashara mmoja wa mtaa wetu, ambaye stoo yake haikuwa tupu, alisema kupitia dirishani kwamba wale wana ugonjwa, asiwakaribie mtu. Askari wa kizuizini, kijana wa miaka ya mwanafunzi, aliikoki bunduki.

Mama aliingia jikoni, akatoka na sufuria ya uji.

"Mama, unaenda wapi?" nilimuuliza.

"Leta kijiko," akasema. "Kile kidogo."

Nilimfuata. Sikumfuata kwa ushujaa. Nilimfuata kwa sababu katika maisha yangu sikuwahi kuona mtu aliyemkatalia mama akabaki na raha. Tulipofika kizuizini yule kijana alituzuia kwa mtutu.

"Mama, rudia! Hawa si bantu. Hawa ni mizimu."

"Mizimu," mama akasema. Alilitamka neno hilo kama mtu anayetema kokwa. "Angalia muguu ya ule wa mbele. Iko na kidonda, na kidonda iko na nzi. Ulishaona muzimu inafuatwa na nzi?"

"Basi ni wapelelezi. Wakipita hapa napiga."

"Piga."

"Mama, sina mchezo!"

"Nimesema piga, nani anakukataza? Lakini kamata kwanza hii sufuria, uji usimwagike. Iko moto, kamata na kitambaa."

Na akamkabidhi. Sijui kama alipanga au ilimjia tu. Kijana alinyoosha mikono yote miwili, kama anavyofanya kila mtoto aliyelelewa akipewa kitu na mama, na bunduki ikaning'inia mgongoni kwa mkanda wake. Mtu aliyeshika sufuria ya moto kwa mikono miwili hawezi kupiga risasi. Mama alipita chini ya mti wa kizuizi, ingawa mfupi kama alivyokuwa hakuinama sana, akamwambia bila kugeuka, "Leta basi, unasimama nini?" Kijana akaleta.

Aliwalisha kijiko kimoja kimoja. Mwanamume mwenye kola alitaka kuing'ang'ania sufuria, mama akampiga kofi mkononi.

"Polepole! Tumbo yako imefunga. Ukikula mingi utakufa hapa, na mimi nitapata kazi ya kukuzika."

Uji ulikwisha kabla ya watu. Mama alisimama katikati ya njia, akazigeukia nyumba zilizofungwa, akaanza kuwaita majirani, mmoja baada ya mwingine, kwa jina la baba na jina la babu, akieleza ni nani aliwahi kula kwa nani katika njaa gani. Ulikuwa ukoo mzima wa mtaa, aibu zote, na aliutoa kwa sauti ya mwadhini. Mlango mmoja ulifunguka, ukatoka mkono na bakuli. Kisha mwingine. Mfanyabiashara alitoa unga mwishoni kabisa, na mama alimshukuru kwa namna ambayo nisingependa kushukuriwa.

Miongoni mwa wale wa majivu alikuwapo mwanamke mmoja aliyesimama kwa mguu mmoja, mguu wa pili ameuegemeza kwenye goti, kama ndege kongoti. Mama alimtazama muda mrefu.

"Huyu njo mama wa mafuta," akaniambia.

Kabla ya vita mwanamke huyo alikuwa anatoka kijiji cha upande wa Pangi na mabidoni, yale madumu ya mawese, kichwani, na kila alipofika kwetu walikuwa wanagombana na mama, huyu akidai mafuta yamechanganywa na maji, yule akidai macho ya mama ndiyo yamechanganywa na maji. Alikuwa mnene, mwenye kicheko. Nisingemtambua kamwe. Mama alimtambua kwa kusimama kwake.

Alikaa kwetu. Alilala jikoni, karibu na mafiga. Kitanda alikikataa kwa kutikisa kichwa. Hakusema. Mama alimwuliza habari za mumewe, hakujibu; habari za watoto, akatazama moto. Tulikuta vipande vya muhogo vimefichwa chini ya mkeka, nyuma ya mtungi, ndani ya kiatu changu cha kwendea shuleni. Mama alikataza visiguswe. Nywele zake zilianza kurudi nyeusi, mwili ukarudi kidogo, sauti haikurudi. Mama alimsemesha kutwa nzima, hasa matusi. Alimwambia mafuta yake siku zote yalikuwa mabaya. Nilimwambia mama amhurumie, akanijibu kwamba huruma amepewa na kila mtu, sasa anahitaji mtu wa kugombana naye.

Siku moja tulikuwa tunakula sombe, majani ya muhogo yasiyo na chumvi, kama siku zote. Mwanamke yule alitafuna, akameza, akaweka tonge chini.

"Haina chumvi," akasema.

Sauti ilikuwa nene, imekwaruza. Mama aliacha kutafuna.

"Nini?"

"Sombe. Haina chumvi."

"Ah!" mama akapiga kelele. "Umetoka kwa wafu, umepita msitu yote ile, umekaa mu nyumba yangu unakula na kulala, na neno ya kwanza njo ya kuniambia sombe yangu haina chumvi?"

"Haina," mwanamke akasema, na akaanza kucheka. Mama naye akacheka. Walicheka mpaka mama akashika ubavu na kuanza kulia, na yule mwingine akalia, na mimi nikatoka nje kwa sababu sikujua niweke wapi macho yangu. Niliporudi walikuwa wamekaa bega kwa bega. "Nilibakisha wawili kule," alikuwa anamwambia mama. "Wote wawili. Baba yao alikufa wa kwanza." Mama alimshika mkono.

Mama alikufa wakati wa amani, kitandani mwake. Mama wa mafuta aliolewa tena, akapata binti, akarudi kuuza mawese kule kule Alunguli. Mimi nilihamia Kasuku, upande huu wa mto. Yeye anavuka mto kwa mtumbwi kuja kunitembelea, ananiita mwalimu.

Basi Jumamosi ya filamu, mchana, tulikwenda pamoja kwenye ukumbi walioukodi, tukapewa viti vya mbele kwa heshima ya umri, na karanga katika karatasi. Kijana mmoja aliyetoka Kinshasa alitukaribisha kwa kipaza sauti ingawa alikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Wakafunga madirisha kwa mapazia, filamu ikaanza.

Daktari wa meno hakuwapo. Niliambiwa baadaye kwamba ndiye yule askari mrefu mwenye misuli, walimbadilisha kazi. Nilimsubiri mama yake. Alikuja, akang'aka mara moja, mwanawe akatoa chozi moja lililopangwa vizuri shavuni, akampiga risasi ya kichwa. Kitabuni mama huyo ana kurasa nyingi kuliko mtu yeyote. Kwenye filamu alipata risasi moja na chozi moja. Baada ya hapo sikuwa na cha kusubiri, nikabaki kuhesabu upumbavu.

Dunia imekwisha, wanawake wana wanja. Miezi mingi barabarani, hakuna anayetafuta chumvi. Hakuna anayeharisha. Hakuna aliyeuliza siku ya leo ni Ijumaa au Jumapili, hakuna aliyeswali wala kupiga ishara ya msalaba. Magari yana petroli. Bunduki zina risasi zisizokwisha. Na kila mwanamume mwenye bunduki ni mtu mwema. Hapo nilicheka kwa sauti, mpaka mtu wa nyuma akaniambia, "Mama, tafazali."

Kisha ikaja ile sehemu. Kizuizi barabarani, msitu nyuma yake, na kutoka kwenye miti wanatoka watu wa majivu, wanaburuta miguu, wengi, hawasemi. Askari mrefu anainua bunduki. Anachagua vichwa. Vijana ukumbini walipiga makofi kila kichwa kilipopasuka. Sikuweza kuangalia kioo, nikamwangalia mama wa mafuta. Alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi, mkono ndani ya karanga. Nikamshika goti.

"Tutoke?"

"Aa, mwalimu, ngoja!" akasema. "Ule wa nguo ya kijani anamukuta kwa nyuma!"

Taa zilipowashwa kijana wa Kinshasa alisimama mbele ya karatasi kubwa, kalamu mkononi, akauliza wamama wamejisikiaje. Nilisimama. Nilisema kwa Kifaransa kwanza, ili akubali kunisikia, kisha kwa Kiswahili, ili wengine wanisikie. Nilisema filamu hii imetengenezwa na watu ambao hawajawahi kumwona mwenye njaa, kwa hiyo wanamwogopa. Kwamba wamemwona mtu mchafu asiyesema na wazo la kwanza lililowajia ni risasi, na wakaona wazo hilo ni zuri kiasi cha kulipia muziki. Nilisema hapa Kindu watu kama wale walitoka msituni kweli, na walipewa uji. Nilisema kuleta kitu hiki hapa na kukiita somo ni utovu wa adabu.

Kijana alitabasamu kwa upole.

"Merci mama, ushuhuda muzuri sana," akasema. Akageukia karatasi yake na kuandika kwa herufi kubwa: CHAKULA. "Nani mwingine?"

Mama wa mafuta aliinua mkono. Nikafikiri, sasa watasikia. Alisimama taratibu, akajitengeneza kitambaa cha kichwa.

"Mimi nataka kuuliza," akasema. "Sehemu ya pili iko?"

Watu walicheka, wakampigia makofi. Mtoto wa dada yangu alisema iko, tena nzuri kuliko ya kwanza. Mama wa mafuta akakaa, ameridhika.

Njiani kwenda mtoni sikumsemesha. Yeye alikuwa anasimulia filamu yote upya, mwanzo hadi mwisho, kana kwamba mimi sikuwapo. Hatimaye nilishindwa.

"Weye huoni haya?" nikamwambia. "Wale wa majivu. Wale waliotoka mu pori. Hukuona?"

"Niliona."

"Na ukaulizia sehemu ya pili!"

"Mwalimu, mimi nilikuwa naangalia nguo zao," akasema. "Zimepasuka vizuri. Hapa bega, hapa paja, mahali pazuri pazuri. Nguo ya muntu aliyetoka mu pori haipasuki vile. Nikajua, hawa si sisi. Hawa watarudi nyumbani magaribi, wataoga, watakula. Basi nikafurahi na filamu yangu. Weye ulitaka nilie?"

Nilikuwa nimetaka alie. Sikumwambia. Nilimwambia filamu ni takataka, na yeye akakubali kwamba inawezekana ni takataka, lakini ni takataka nzuri, hasa yule mwanamke mwenye panga. Akapanda mtumbwi, akakaa katikati ya mabidoni matupu, bado anamweleza mpiga kasia jinsi yule wa kijani alivyokufa.

Sijabadili mawazo. Naidharau filamu ile, nawadharau walioitengeneza, na kijana wa karatasi kubwa namdharau kwa wema wote unaowezekana. Mwandishi wa kitabu namwonea huruma kidogo. Walimlipa, natumaini, kwa kumwulia mama.

Wiki iliyofuata mtoto wa dada yangu alileta sehemu ya pili ndani ya simu. Mama wa mafuta alikuwa amevuka mto tangu saa nane, amevaa kitenge kipya. Wakakaa barazani kwangu vichwa vimegusana juu ya kioo kidogo kile, na mimi nikaingia ndani kuchambua maharagwe. Nilisikia risasi, nilisikia mng'ako, nilisikia kicheko chake kinene. "Kimbia!" alikuwa anamfokea mtu fulani. "Kimbia, mupumbavu weye, iko nyuma yako!"

Niliwaambia wapunguze sauti. Hawakupunguza.